Ngoma Haiishi kwa Kupokea Wageni

Mgeni rasmi anapotazamiwa kufika Maguu, katika milima ya Umatengo, wilayani Mbinga, jambo la kwanza kuandaliwa baada ya viti na maturubai ni ngoma. Ujumbe hupelekwa kwa mtendaji wa kijiji, mtendaji huwaarifu akina mama wa kioda, na vijana wa mganda hutafutwa huko huko waliko kwenye kahawa. Saa mbili asubuhi wote wamekwisha jipanga kando ya barabara, sare zao zimefuliwa na kupigwa pasi. Mgeni hufika saa nane mchana. Hushuka garini, hutikisa mabega mara mbili tatu mbele ya kamera, hutunza noti moja, kisha huongozwa kwenye meza kuu. Ngoma imekwisha. Akina mama hurejea majumbani na njaa yao, na katika taarifa ya ziara huandikwa kwamba wananchi walijitokeza kwa wingi na kwamba burudani ilikuwa nzuri.

Neno hilo la burudani linaficha mengi. Mganda haukuzaliwa ili usindikize hotuba. Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 ilipiganwa hata ndani ya Ziwa Nyasa, ambako mnamo Agosti 1914 meli ya Waingereza iliilemaza meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ilipokuwa imepandishwa nchi kavu pale Sphinxhafen, yaani Liuli ya leo. Baada ya vita hivyo vijana wa pande zote za ziwa walilichukua gwaride waliloliona kwa askari wakaligeuza kuwa lao. Walijipanga mistari, wakavaa nguo nyeupe, wakapeana vyeo vya kijeshi. Na kwa kuwa hawakuwa na tarumbeta za shaba, walitoboa vibuyu wakaviimbia mpaka vikatoa mlio wa bendi. Kijana aliyeshinda mchana akibeba mzigo wa bwana mkubwa, jioni alikuwa ofisa katika mganda wa kijiji chake. Humo mlikuwa na nidhamu, michango, kusaidiana katika misiba, na ushindani mkali baina ya kijiji na kijiji. Kioda nacho, ambacho ni cha akina mama, kilikuwa baraza lao: lililoshindikana kusemwa mbele ya wanaume wakati wa mchana lilisemwa kwa wimbo, na aliyehusika alijijua mwenyewe. Terence Ranger, aliyefundisha historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1960, alipochapisha kitabu chake juu ya ngoma ya beni mwaka 1975, alizichukua ngoma za namna hii kuwa ushahidi wa historia ya watu, kwa uzito ule ule wanaopewa majalada ya serikali.

Tena ngoma hizo zilisafiri. Katika enzi ya ukoloni wilaya ya Songea, ambayo wakati huo ilijumuisha Mbinga na mwambao wa Nyasa, iligeuzwa kuwa kisima cha vibarua. Watu walikwenda kwa maelfu kukata mkonge Tanga, na wengine wakavuka mipaka kwenda migodini kusini. Waliondoka bila mali, ila na ngoma zao. Jumapili, katika kambi ya mkonge, mtu aliyeitwa kwa namba ya kipande chake siku sita za juma alirudi kuwa mtu mwenye jina na kwao.

Kutokana na historia hiyo, mwananchi wa Maguu hana haja ya kwenda mbali kuelewa mambo yanayotendeka kila mwaka, ifikapo Septemba au Oktoba, katika mji wa Leicester, katikati ya Uingereza. Kwa mikesha tisa mfululizo, kwa kufuata mwezi mwandamo, kumbi za michezo na za jumuiya katika mji huo wa baridi hujaa watu wanaocheza kwa duara. Akina mama wazima, mabinti wa shule, vijana wa kiume na wazee huzunguka pamoja wakipiga makofi, na baadaye wakigonganisha vijiti viwili viwili. Ngoma hiyo ni garba, na ile ya vijiti ni dandiya. Asili yake ni Gujarati, magharibi ya India, nayo huchezwa katika sikukuu ya Navaratri kwa heshima ya mungu mama wa Wahindu. Kati ya duara, kwa desturi ya kale, huwekwa chungu chenye matundu na taa ndani yake. Wiki chache baadaye hufuata Diwali, sikukuu ya taa, na barabara ya Belgrave hupambwa toka mwanzo hadi mwisho mbele ya makumi ya maelfu ya watu.

Lakini wengi wa walioipeleka garba Leicester hawakutoka Gujarati. Walitoka Kampala, Jinja, Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam, na hata Malawi, ng'ambo ya Ziwa Nyasa. Hadi leo wazee wao husema fagio na sufuria katikati ya Kigujarati bila kutambua kwamba ni Kiswahili, na muhogo wa kukaanga huuzwa katika migahawa yao kwa jina la mogo. Waliondoka Kenya kuanzia 1967 na 1968, sheria za biashara na uraia zilipowabana. Wengine waliondoka Tanzania baada ya sheria ya 1971 iliyotaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Kisha ikaja Agosti 1972, Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 wawe wamekwisha toka. Wapatao 28,000 walipokelewa Uingereza, nao walifika na masanduku machache, maduka na nyumba vikiwa vimebaki nyuma.

Yafaa isisahaulike kwamba Leicester haikuwataka. Septemba 1972 halmashauri ya mji huo ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi Waasia wa Uganda wasiende huko, kwa madai kwamba nyumba, shule na hospitali zilikuwa zimekwisha jaa. Walikwenda. Katika sensa ya 2021, zaidi ya theluthi moja ya wakazi wa Leicester walijitambulisha kuwa wenye asili ya India, na halmashauri ile ile hivi sasa huitaja Diwali katika kuunadi mji wake kwa watalii. Haimaanishi kwamba kila kitu ni shwari. Septemba 2022 vijana wa Kihindu na wa Kiislamu walipambana katika mitaa ya mji huo huo. Hata hivyo garba haikukatika.

Kwa nini haikukatika? Jibu jepesi ni kusema kwamba Wahindi wana fedha. Jibu hilo hupendwa sana maofisini kwa sababu humwondolea msemaji wajibu wote. Miaka ya 1970 watu hao walikuwa wakifanya kazi za zamu viwandani, katika nguo na soksi, na mikesha ya Navaratri ya kwanza haikuwa na jukwaa wala vipaza sauti vya maana. Fedha zilikuja baadaye, na zilikuta ngoma iko hai. Kilichoihifadhi kilikuwa kitu cha kawaida mno: tarehe inayojulikana isiyongoja mgeni, ukumbi unaokodiwa kwa mchango wa kila familia, na zaidi ya yote mwalimu.

Habari ya mwalimu inastahili kuelezwa kwa kirefu, hasa kwa kuwa wasomaji wengi wa ukurasa huu ni walimu. Mwaka 1981 Nilima Devi, mcheza kathak kutoka Baroda, alifungua mjini Leicester kituo cha kufundisha dansi za asili za India. Kathak ni sanaa nzito ya kaskazini ya India, yenye mapigo ya miguu yanayohesabiwa kama hesabu za shule. Mtoto huianza akiwa na miaka sita au saba na hufikisha utu uzima kabla ya kuthubutu kujiita mchezaji. Kituo kilianza na watoto wa wafanyakazi wa viwandani. Katika mji huo huo aliishi Gurmit Singh Virdee, mpigaji na mwalimu wa tabla, zile ngoma mbili ndogo ambazo wasikilizaji wa taarabu ya Unguja wanazijua vizuri. Alipokwisha fariki, mwanawe, Sandeep Virdee, alianzisha mwaka 2006 tamasha la kumkumbuka, likaitwa Darbar. Tamasha hilo lilihamia baadaye London, na limeingia katika kumbi kubwa kama Southbank Centre na Barbican, ambako mabingwa wa muziki wa India huja kupiga mbele ya watazamaji wa kila rangi. Hili ndilo tamasha kubwa la sanaa za Asia Kusini linalotajwa sana Ulaya, na chimbuko lake ni kumbukumbu ya mwalimu mmoja. Halikuanzishwa na waziri wala na kampuni ya bia.

Kuna jambo jingine ambalo maofisa elimu wangefanya vyema kulitazama. Mwishoni mwa miaka ya 1990 chama cha walimu wa dansi cha Uingereza, Imperial Society of Teachers of Dancing, ambacho kazi yake ya zamani ilikuwa kutahini waltz na dansi za Kizungu, kiliunda idara ya dansi za Asia Kusini. Tangu hapo mtoto wa Leicester au Birmingham anaweza kufanya mtihani wa kathak, au wa Bharatanatyam ya kusini ya India, daraja baada ya daraja, akapewa cheti. Mwaka 2015 BBC ilipoanzisha mashindano ya wachezaji chipukizi, dansi za Asia Kusini zilikuwa na kundi lake pamoja na ballet. Hapana shaka cheti hakimfanyi mtu kuwa msanii. Lakini cheti humwambia mzazi, mkuu wa shule na mwajiri kwamba muda uliotumika haukuwa wa kuchezea.

Huenda mtu akapinga kwa kusema kwamba ngoma ikitolewa mahali pake na kuwekwa ukumbini kwa kiingilio imekwisha kufa, na kwamba garba ya Leicester yenye tiketi na taa za rangi si garba tena. Hoja hiyo ina uzito. Wazee wa Kigujarati wenyewe hulalamika kwamba nyimbo za sinema zimeziba nyimbo za mungu mama, na kwamba vijana huja kuoneshana nguo. Desemba 2023 UNESCO iliiandika garba ya Gujarati katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika, na orodha za namna hiyo haziwezi kuzuia mabadiliko. Hata hivyo kuna tofauti kubwa kati ya ngoma iliyobadilishwa na wenyewe na ngoma iliyokatwa vipande ili itoshee ratiba ya mtu mwingine. Garba ya tiketi bado huchezwa mpaka usiku wa manane kwa sababu wachezaji wanataka iwe hivyo. Mganda wa Maguu hupewa dakika tatu, na mshereheshaji ndiye anayezihesabu.

Kuna hoja nyingine isiyopendeza kuitaja, nayo inawahusu Waasia wenyewe. Kwa miaka mingi hapa Afrika ya Mashariki garba ilichezwa ndani ya kuta za jumuiya, na jirani Mwafrika, aghalabu, aliisikia tu akipita barabarani. Mpishi aliujua mdundo bila kuziona hatua. Inashangaza kidogo kwamba ngoma hiyo ilifungua milango yake kwa majirani ilipofika katika mji ambao haukuitaka. Utengano ule ulikuwa na chanzo chake katika mpangilio wa kikoloni uliowagawa watu kwa rangi katika shule, hospitali na mitaa. Lakini miaka kumi ya kwanza ya uhuru ilipita bila pande zote mbili kufanya jitihada kubwa ya kuubomoa ukuta huo wa ngoma. Unguja ilikuwa na desturi tofauti. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, sauti za India na za pwani zilikuwa zimekwisha zoeana, na taarabu haikupungukiwa na chochote kwa mazoea hayo.

Nchi hii haikukosa maono. Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipohutubia Bunge akiwa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, na akawasikitikia wasomi waliojua rumba na cha-cha-cha ilhali ngoma za kwao hawazijui hata kwa majina. Likaundwa kundi la ngoma la taifa, nalo lilikusanya hatua kutoka kila pembe ya nchi. Mwaka 1981 kikafunguliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, mwaka ule ule, kwa sadfa, ambao Leicester ilipata kituo chake cha kathak. Tangu 1982 Bagamoyo imekuwa na tamasha lake, na chuo kikawa TaSUBa mwaka 2007. Sera ya Utamaduni ikaandikwa 1997. Kazi hizo zote zinastahili heshima.

Kosa lilikuwa katika mwelekeo. Ngoma zilitolewa wilayani zikapelekwa Dar es Salaam na Bagamoyo, zikafupishwa, zikaunganishwa, zikaoneshwa kwa mabalozi. Lakini hakuna utaratibu wa kudumu uliozirudisha Maguu, Lituhi na Mbamba Bay zikiwa na mwalimu. Ilidhaniwa kwamba kijijini ngoma hujiotea yenyewe kama mwanzi. Ilikuwa hivyo wakati kijana alipobaki kijijini, na wakati mavuno ya mahindi na kahawa yalipofuatwa na miezi mikavu isiyo na mashindano ya redio kubwa za kukodi. Leo kijana wa Mbinga yuko Songea, Makambako au Kariakoo, na aliyebaki ana muziki wote wa dunia katika simu yake. Anayejua kuurekebisha mlio wa kibuyu cha mganda ni mzee, na hakuna aliyewahi kumlipa ili amfundishe mtu.

Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 umeipa sanaa na michezo nafasi katika shule za msingi. Nafasi hiyo inaweza kujazwa kwa namna mbili. Mwalimu anaweza kuandika ubaoni "Aina za ngoma za asili", wanafunzi wakanakili kwamba mganda ni ngoma ya mkoa wa Ruvuma, na mtihani ukaulizwa hivyo hivyo. Au anaweza kumwalika mama wa kioda kila Ijumaa alasiri, muhula mzima, akaandikwa katika kitabu cha shule kama mkufunzi na akalipwa kama anavyolipwa fundi anayekuja kutengeneza madawati. Walimu wengi wangechagua njia ya pili kama wasingekuwa na hofu ya mkaguzi atakayeuliza iko wapi stakabadhi. Ni juu ya ofisa elimu kuiondoa hofu hiyo kwa waraka wa mistari mitano.

Kwa upande wa halmashauri, Mbinga na ile ya Nyasa iliyomegwa kwake mwaka 2012 zina maofisa utamaduni. Kazi yao katika sehemu nyingi nchini imekuwa kukusanya vikundi siku ya ziara na kusindikiza wanafunzi kwenye UMITASHUMTA, ambako ngoma hupewa alama kati ya kwaya na riadha. Ingewezekana kabisa wilaya hizi mbili zikawa na siku moja ya ngoma iliyokubaliwa, katika Septemba baada ya pilikapilika kubwa za kahawa na kabla ya mvua, mwaka huu Maguu na mwaka ujao Mbamba Bay, vijiji vikishindana kama zamani, mgeni rasmi akiwapo au asiwepo. Malipo ya kwanza yawe ya waalimu wa ngoma, ya pili chakula cha wachezaji. Jukwaa lije mwisho, kwani mganda huchezwa vizuri zaidi juu ya udongo. Wana Mbinga waishio mijini, ambao huchangiana kwa moyo katika misiba na harusi, wanaweza kuombwa mchango, kama familia za Leicester zilivyoombwa miaka hamsini iliyopita zikiwa na vibarua vya usiku.

Makadirio ya halmashauri huandaliwa kati ya Desemba na Februari, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Miezi hiyo hiyo ya Desemba, mvua zinapoanza milimani, ndiyo ya kupanda mbegu za vibuyu, navyo huhitaji kukomaa shambani na kukauka darini kabla ya kutobolewa. Kijiji kinachotaka mganda wa Septemba hakina budi kuviatika mapema, na ofisa utamaduni hana budi kuandika fungu lake kwenye makadirio katika wiki hizo hizo.